Kabla ya Miguu ya Chuma: Meka za "Kesho ya Jana" Zimetoka Wapi, na Buha Inaingiaje Humo?

Hebu fikiria picha hii. Shamba la ngano limeiva, wakulima wameinama wanavuna, farasi amesimama pembeni na mkokoteni wake. Kila kitu kinaonekana cha zamani. Halafu unainua macho kidogo. Nyuma yao, kwenye ukungu, limesimama dude la chuma refu kama mnara wa kanisa. Lina miguu, lina mzinga, na linatoa moshi mweusi kama meli ya mvuke. Wakulima wala hawashtuki. Wanaendelea kuvuna.

Hiyo ndiyo dunia ya Iron Harvest, gemu iliyotolewa Septemba 1, 2020 na studio ya KING Art ya mjini Bremen, Ujerumani. Ni gemu ya vita na mikakati: unapanga askari, unateka maeneo, na silaha yako kubwa ni roboti za kutembea ambazo ndani yake kuna watu wanaoziendesha. Roboti ya aina hii, ya kupandwa na kuendeshwa kama gari, wachezaji huiita meka. Kama umewahi kucheza gemu kwenye simu au kwenye kibanda pale mjini Kasulu au Kibondo, bila shaka umeshakutana na ndugu zake.

Leo tuulize swali ambalo mchezaji huwa hana muda nalo wakati anapigana: madude haya yametoka wapi? Nani aliwaza kuyapa boila na riveti badala ya kuyafanya yang'ae kama simu mpya? Tukifuata njia hiyo hadi mwisho, tutajikuta tumefika Ziwa Tanganyika, na tukipanda kidogo, tumefika milima ya Buha.

"Kesho ya jana" ni nini?

Kuna hadithi za kubuni zinazowaza miaka 100 ijayo. Halafu kuna zile zinazojiuliza swali la kupinda kidogo: mtu wa mwaka 1920 alipowaza miaka ijayo, aliona nini? Huyu hakujua kompyuta wala betri ya simu. Alijua mvuke, makaa ya mawe, dizeli, reli, meli za chuma na bunduki za rashasha. Kwa hiyo kesho yake ilikuwa na vitu hivyohivyo, ila vikubwa zaidi na vyenye uwezo wa ajabu. Sisi hapa tuite mtindo huu "kesho ya jana".

Faida yake kwa mtengeneza gemu ni kwamba mashine ya zamani unaielewa kwa macho. Ukiona bomba la moshi unajua moto uko wapi. Ukiona gurudumu la meno unajua kitu gani kinasukuma kingine. Simu imefungwa, huoni kinachofanyika ndani. Boila inapumua, inavuja, inapiga kelele. Ndiyo maana meka ya mvuke inakuwa kama mhusika mwenye tabia zake.

Lakini mtindo huu una sharti moja. Ili uchore kesho ya jana, lazima uijue hiyo jana. Na hapo ndipo swali la nani anakumbuka nini linapoingia.

Ukoo wa meka

Tuanze na Mwingereza H. G. Wells. Mwaka 1898 kilitoka kitabu chake cha The War of the Worlds, ambamo viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaivamia Uingereza wakiwa ndani ya mashine ndefu za miguu mitatu. Watu husoma hadithi hiyo kama burudani tu, lakini mwanzoni kabisa mwandishi anawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza watu wa Tasmania. Yaani anawauliza: je, na sisi tukifanyiwa hivyohivyo? Angalia tarehe. Mwaka huohuo wa 1898 Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua ili asikamatwe na Wajerumani, baada ya miaka ya vita na jeshi lenye bunduki za Maxim. Mashine ya kutembea ilizaliwa kwenye vitabu wakati ambapo mashine za kweli zilikuwa zinateka Afrika.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1920, Karel Čapek wa Chekoslovakia alichapisha tamthilia yake ya R.U.R., nayo ndiyo iliyoipa dunia neno "roboti". Hili tutalirudia, maana linatuhusu kuliko unavyodhani.

Halafu Wajapani wakalichukua wazo na kulifanya lao. Mwaka 1956 Mitsuteru Yokoyama alianza katuni ya Tetsujin 28, roboti kubwa ambayo kwenye hadithi ilitengenezwa na jeshi la Japani kama silaha ya siri ya vita. Hiyo iliongozwa kwa rimoti. Mwaka 1972 Go Nagai alileta Mazinger Z, ambayo mtu anaingia kichwani mwake na kuiendesha. Nagai alisimulia kwamba wazo lilimjia alipoona foleni ya magari: ingekuwaje gari likiota miguu likawaruka wenzake? Mwaka 1979 ikaja Gundam, ambamo meka si tena shujaa wa ajabu bali ni chombo cha jeshi, kinaharibika na kinahitaji mafundi.

Kuanzia hapo gemu zikaingia kwa kasi. Kwa upande wa kesho ya jana, Sega walitoa Sakura Wars mwaka 1996, inayotokea Tokyo ya miaka ya 1920 na yenye meka za mvuke. Na kuna msanii mwingine, Kow Yokoyama, ambaye kuanzia mwaka 1982 alijenga meka za Maschinen Krieger kwa mikono. Alinunua vifaru, ndege na magari ya plastiki ya kuunganisha, akavikatakata, akaviunga upya kuwa kitu kingine. Mtoto wa kijijini anayetengeneza gari kwa waya, kopo la mafuta na soli ya ndala, halafu likatokea gari lisilofanana na gari lolote la barabarani, anafanya kazi ileile.

Iron Harvest iliokota wapi?

Turudi kwenye lile shamba la ngano. Dunia ya gemu hii haikubuniwa na studio. Iliibuliwa kwanza na mchoraji wa Poland, Jakub Różalski, kwenye mfululizo wa picha alizouita 1920+. Kutoka kwenye picha hizo lilianza kutoka bao la mezani, Scythe, mwaka 2016, na ndipo ikafuata gemu.

Kwa nini 1920? Kwa sababu huo ndio mwaka vita kati ya Poland na Warusi wa Kisovieti vilipopamba moto, na kwa Wapolandi ni kumbukumbu inayofundishwa shuleni. Różalski alichukua vita vya nchi yake, akachukua mtindo wa wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 waliopenda kuchora wakulima na farasi, akaweka meka katikati. Hakuanza na roboti akatafuta pa kuiweka. Alianza na shamba.

Hata jina la gemu lina historia. "Mavuno ya chuma" ndiyo jina ambalo watu wa Ubelgiji na Ufaransa huyapa mabomu ambayo hayakulipuka kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ambayo hadi leo majembe ya wakulima huyaibua kila msimu. Mkulima analima viazi, anavuna bomu la mwaka 1917.

Kwa hiyo mapishi ya gemu hii ni matatu: vita ambavyo watu wa mahali hapo wanavikumbuka, kazi za mikono ambazo mababu zao walizifanya, na jicho la msanii aliyeviona viwili hivyo kwa pamoja. Kumbuka mapishi haya matatu, tutayahitaji tukifika kwetu.

Kituo kifupi cha fizikia: mbona meka inatembea taratibu?

Kabla hatujasonga, kuna mwalimu mwingine wa wabunifu hawa ambaye hatajwi sana: sheria za maumbile.

Chukua mtu wa mita 1.7 mwenye kilo 70. Mkuze mara 10 kila upande. Sasa ana mita 17. Uzito wake je? Hauongezeki mara 10, maana amekua kwa urefu, upana na unene: 10 × 10 × 10, yaani mara 1,000. Amekuwa tani 70. Lakini nguvu ya mguu inategemea unene wake ukiukata kama gogo, na eneo hilo limekua mara 100 tu. Maana yake kila sentimita ya mraba ya mguu inabeba mzigo mara 10 ya ule wa mwanzo. Ni kama wewe utembee umebeba watu tisa wa uzito wako, siku nzima, bila kuwashusha. Galileo alilieleza jambo hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1638, na wewe unaweza kulithibitisha kwa kumlinganisha mbuzi wa nyumbani na tembo wa pori la Moyowosi. Tembo si mbuzi aliyekuzwa. Miguu yake ni minene kuliko kadiri, na imenyooka kama nguzo.

Wabunifu wa meka za kesho ya jana wanalijua hilo, ndiyo maana nyingi zina miguu mifupi minene na nyayo pana. Hata Gundam ya kweli ya mita 18 iliyojengwa Yokohama na kufunguliwa mwaka 2020 ilikuwa na tani 25, na haikusimama yenyewe. Ilishikiliwa kiunoni na mhimili kutoka nyuma.

Na mwendo? Mguu unaotembea ni kama kitu kinachoning'inia na kubembea. Kamba ya bembea ikiwa ndefu, bembea inakwenda taratibu, na muda wake unakua kwa kipeuo cha pili cha urefu. Mguu ukiwa mrefu mara 10, muda wa hatua unaongezeka kama mara 3.2. Mtu wa kawaida hupiga hatua moja kwa karibu nusu sekunde, basi meka ya mita 17 ingetumia karibu sekunde moja na nusu au zaidi kidogo. Ukiichora ikikimbia kama binadamu, macho ya mchezaji yataona mtoto aliyevaa boksi. Ukiipunguza mwendo, ghafla inakuwa na tani 70. Huhitaji kompyuta ya bei mbaya kufanya hivyo, unahitaji kugawanya na kuzidisha tu.

Vita hivyohivyo, ziwani kwetu

Sasa tuje nyumbani. Vita vilivyoizaa ile jana ya Iron Harvest havikuishia Ulaya. Vilifika Kigoma, tena vikiwa na mashine ambazo mtu angekuambia zimetoka kwenye gemu ungeamini.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli ya mvuke yenye urefu wa mita 71 hivi. Ikaunganishwa, ikakaguliwa, kisha ikafunguliwa yote, kipande kwa kipande, na kufungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250. Pale ziwani meli ikaunganishwa upya riveti kwa riveti, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen.

Mwaka huo huo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji. Wakaiopoa mizinga yake, na mmoja wa milimita 105 ukaletwa kutoka pwani ukafungwa kwenye meli ya Kigoma. Mzinga wa bahari ya Hindi ukahamia ziwa la bara.

Waingereza nao hawakukubali. Juni 1915 walisafirisha kutoka kwao boti mbili za kivita za mita 12 hivi, Mimi na Toutou, hadi Cape Town kwa bahari, kisha kwa reli hadi Kongo, na reli ilipoishia boti zikaburutwa porini na kuvushwa milima ya Mitumba kwa trekta za mvuke na maksai. Hebu iweke picha hiyo akilini: boti ya kivita inapanda mlima, imefungwa kwenye trekta inayotoa moshi. Desemba 26, 1915 boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, lakini kwanza mafundi wakazipaka mashine zake grisi nzito ili zisioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina unalolijua: Liemba.

Kisa hiki hakikubaki bila kutumiwa na wasanii. C. S. Forester alikifanya msingi wa riwaya yake The African Queen ya mwaka 1935, na filamu yake ikatoka mwaka 1951 ikiwa na nyota wa Hollywood. Kwa hiyo historia ya ziwa letu imeshalisha sanaa ya dunia. Ila angalia nani yuko katikati ya hadithi: Mwingereza, Mkanada na meli ya Wajerumani. Watu wa pembeni mwa ziwa wamebaki kuwa mandhari.

Miguu ya watu

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Ukisoma kisa cha Mimi na Toutou haraka, unaona trekta. Ukisoma taratibu unaona watu: waliokata miti, waliojenga madaraja, waliosomba maji ya boila kwenye nchi kavu. Na kwenye vita vya nchi kavu hali ilikuwa nzito zaidi. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe, magari yalikwama kwenye matope, kwa hiyo chakula, risasi na dawa vilibebwa kichwani. Inakadiriwa kwamba Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja kwenye vita vya Afrika Mashariki, na hesabu ya vifo inayotajwa mara nyingi ni karibu 95,000, wengi kwa maradhi na lishe duni. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limebaki kama kumbukumbu ya kikosi hicho cha wachukuzi.

Mpagazi naye ana hesabu yake, kama injini yoyote. Tuseme anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 5 na kurudi siku 5, amekula kilo 10, amefikisha 15. Akienda siku 10 na kurudi 10, amefikisha kilo 5 tu. Akienda siku 13, hata akifika, hana unga wa kumrudisha nyumbani. Jenerali aliyetaka kusogea mbali zaidi ilibidi aongeze wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na vijiji vya njiani vikapoteza chakula na vijana kwa pamoja.

Buha ilikuwa ndani ya njia hiyo. Wabelgiji walipita, wakaiteka Kigoma, na waliendelea kuitawala hadi mwaka 1921, ndipo Waingereza wakaichukua. Ubelgiji hiyohiyo ambayo wakulima wake wanavuna mabomu.

Sasa turudi kwa Čapek, mwandishi wa mwaka 1920. Neno lake "roboti" limetokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana wake. Roboti kwa asili si chuma. Roboti ni mtu anayefanyishwa kazi.

Buha inalijua neno hilo kwa lugha nyingine: manamba. Wakati wa Waingereza, nyanda za Kasulu na Kibondo zilihesabiwa kuwa chimbuko la vibarua. Huku hakukuruhusiwa wala hakukuwezeshwa sana mambo mengine, kodi ilitakiwa, na mawakala walikuja kuandikisha vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi yao ya kuandikisha, SILABU. Kibarua aliyeandikishwa alipewa namba, na namba ndiyo iliyozaa jina manamba. Kule shambani alikutana na mashine ya kuchakata mkonge, korona, ambayo inameza majani siku nzima na haisubiri mtu achoke. Kwa hiyo wakati watazamaji wa Ulaya wanatazama jukwaani tamthilia ya watu waliogeuzwa mashine, mababu wa Muhambwe na Heru walikuwa wanaelekea kuishi kwenye hadithi hiyohiyo, bila tiketi.

Basi gemu ya Kasulu ingekuwaje?

Tuchukue mapishi yetu matatu. Vita vinavyokumbukwa tunavyo. Kazi za mababu tunazo. Kilichobaki ni jicho la kuviona kwa pamoja.

Badala ya ngano, weka shamba la maharage kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Nyuma yake weka meka, lakini isitoke kiwandani ikiwa nzima. Ifike ndani ya makasha 5,000, na mchezaji aamue yapi yabebwe kwanza: miguu au mzinga? Kifuani iwe na mzinga wa meli ya baharini usioendana nayo, umefungwa kwa nguvu. Boila yake ile kuni, na kila tani ya kuni iwe na jina la kijiji ilikotoka. Ukichukua wapagazi wengi mno, msimu ujao shamba halina mtu wa kulivuna, na mchezo wako unaanza kufa njaa. Hesabu ya unga tuliyofanya hapo juu inatosha kuwa kanuni kuu ya gemu nzima. Wapagazi nao wawe na namba mwanzoni, halafu kadiri unavyocheza vizuri, namba zinageuka kuwa majina.

Gemu kama hiyo ingesema kitu ambacho Iron Harvest haiwezi kusema, kwa sababu waliyoitengeneza walisimama shamba lingine. Kwenye picha ya Różalski mkulima anavuna na meka inapita. Huku kwetu mkulima ndiye aliyeibeba. Kabla meka haijawa na miguu ya chuma, ilitembea kwa miguu ya watu.

Majirani wameshaanza kufuata njia hii. Kinshasa, tangu mwaka 2013, barabara zimewahi kuongozwa na roboti za alumini zinazotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wanawake wenzake, na ukiziangalia zina sura ya roboti za kuchezea za enzi zilizopita. Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, ambayo hadithi yake iko Burundi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, inawavisha waasi wake nyaya na vipande vya kompyuta, na inaanzia kwa wachimba koltani. Naye Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na gemu aliyokuja kuitengeneza, Salaam, inamweka mchezaji kwenye viatu vya mtu anayekimbia vita akitafuta maji na chakula. Kwa wilaya zinazopakana na Nyarugusu na Nduta, mfano huo hauhitaji maelezo mengi. Mayen hakutafuta msukumo mbali. Alitumia alichokiishi.

Vifaa vya kuanzia vipo. Godot ya kutengenezea gemu na Blender ya kuchorea maumbo ni za bure, na Godot hata kwenye simu ya Android inafunguka. Kitu kigumu kupata ni kumbukumbu. Vitabu vinasema makasha yalikuwa 5,000, havisemi aliyebeba kasha la mwisho alikuwa nani. Wazee waliokwenda mkonge wanazidi kupungua kila mwaka, na wengi wa waliobaki hawajawahi kuulizwa walipewa namba ngapi.

Kama bado unaye babu au bibi wa hivyo nyumbani, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mtengeneza gemu: kaa naye, muulize, andika. Mzinga utachora baadaye.